Aliyehamisha Minyaa

Umeme ulikatika kabla ya saa sita, karasha zote za kusagia mawe ya dhahabu pale mwaloni zikanyamaza kwa pamoja. Mtu asiyewahi kushinda mwaloni hajui ukimya ule. Masikio yanabaki yakivuma kana kwamba mawe bado yanasagwa, na watu wanaendelea kupaza sauti kwa dakika kadhaa kabla ya kutambua kwamba hakuna tena kelele ya kushindana nayo. Hapo ni Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga. Ukipanda bodaboda kuelekea kaskazini hukawii kuingia Geita. Viroba vya mawe vilikuwa kwenye foleni, kila kirundo na mwenyewe amekaa juu yake, maana kiroba kisichokaliwa na mtu hupungua.

Tulikuwa watano chini ya turubai. Mama mwenye karasha, ambaye msimu wa mavuno hununua mpunga vijijini Kahama, akakoboa na kupakia mchele kwenye malori yaendayo Rusumo, mpakani na Rwanda. Mzee aliyepigana vita vya Kagera, ambaye sasa analinda viroba usiku. Ticha wa historia wa sekondari, mwenye hisa ndogo kwenye shimo moja la wachimbaji, duara kama tunavyoliita, aliyekuja kuhakikisha mgao wake haupotei njiani. Kijana wa duarani, magoti bado yana tope. Na mimi. Simu ya kijana ilikuwa imetoka kutusomea habari za Kivu, mashariki mwa Kongo. Akaizima ili atunze chaji, kisha akauliza swali lililotuweka pale mpaka jua lilipoanza kushuka. Nimeyapanga mazungumzo yenyewe kwa mtiririko wake, na pale ambapo tarehe zilihitajika nimeziweka.

KIJANA: Rwanda ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo nayo ni mwanachama. Tunaambiwa sisi ni familia moja. Sasa mmoja akituhumiwa kwamba jeshi lake limo ndani ya shamba la mwenzake, familia inafanya nini? Inakaa kikao tu?

MZEE: Inakaa kikao. Kikao hicho mimi nilikisubiri mwaka 1978, mwanangu, nikiwa na bunduki mkononi.

KIJANA: Kagera.

MZEE: Kagera. Nilikuwa mgambo, naishi kwa baba huko Kishapu, tunalima pamba. Tarehe 30 Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakaingia kwa wingi. Tarehe 1 Novemba wakatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera ni Uganda. Watu walilala Watanzania, wakaamka wanaambiwa ni raia wa nduli. Tarehe 3 wakalipua daraja la Kyaka ili tusivuke kwenda kuwafuata. Ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikakombwa, wanawake, ah, mayu, mama yetu, yupo hapa, sitasema yote. Watu wapatao 1,500 waliuawa, wengine kama 40,000 wakakimbilia kusini na mafurushi.

TICHA: Kilomita za mraba kama 1,800 zilimegwa kwa tangazo. Amin alidai kwamba mto ndio mpaka wa asili. Mpaka wetu wenyewe ni mstari ulionyooka, latitudo ya digrii 1 kusini, waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Ukiutazama kwenye ramani unaona kabisa uliwekwa na watu ambao hawakuwahi kuvuka mto ule kwa mtumbwi.

MZEE: Kwa hiyo alikuwa na haki?

TICHA: Hapana, mzee wangu. Ndicho ninachotaka kijana akisikie. Kama mpaka mbovu ungekuwa sababu ya kuhamisha jeshi, Afrika nzima ingekuwa vitani hadi leo. Mwezi Julai 1964, kule Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru wake. Na aliyelipeleka azimio hilo mezani ni Nyerere. Aliijua ile mipaka kuwa ni ya hovyo. Alisema tuichukue hivyo hivyo, kwa sababu mingine hatuna.

MZEE: Basi mwenye azimio ndiye aliyeingiliwa. Azimio lilimsaidia nini?

Nataka kukaa kidogo kwenye swali hilo, maana huzungumzwa kwa haraka mno. Tunapoikumbuka vita ya Kagera tunakumbuka hotuba ya tarehe 2 Novemba, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Tunakumbuka magari yaliyochukuliwa kupeleka askari, wanamgambo walioitwa kutoka kila wilaya, Usukuma ukitoa wana wake kwa maelfu. Yale yaliyotokea kwenye meza za Afrika katika wiki hizo hatuyakumbuki, na ndiyo yanayojibu swali la kijana.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulituma wasuluhishi. Katibu Mkuu wake, Edem Kodjo, alihangaika. Jaafar Nimeiry wa Sudan, aliyekuwa mwenyekiti mwaka ule, alihimiza pande zote mbili zisimamishe mapigano. Nigeria ikajitolea kusuluhisha. Pande zote mbili: yaani aliyevamia na aliyevamiwa wakakalishwa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja akiombwa apunguze hasira. Nyerere hakuuomba umoja ule umpe hata kikosi kimoja. Masharti aliyoweka kwa wasuluhishi yalikuwa kwamba uvamizi ulaaniwe, Amin aachane na madai ya ardhi ya Tanzania, alipe fidia, na aahidi kutorudia. Sharti la kwanza lilikuwa la kinywa tu. Halikugharimu risasi wala shilingi, na umoja ule haukulitimiza.

Na si kwamba hawakujua. Mwaka 1975 viongozi hao walikutana Kampala wakampa Amin uenyekiti, Tanzania ikasusia. Februari 1976, akiwa bado amekalia kiti hicho, Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya na ya kusini mwa Sudan ni mali ya Uganda. Nilipolisema hilo, kijana akainua kichwa.

KIJANA: Basi walisikia nyundo.

MIMI: Nyundo gani?

KIJANA: Kule chini hakuna jiwe la mpaka. Unajua umekaribia duara la mwenzako kwa kusikia. Nyundo yake inakufikia ndani ya mwamba kabla hujamwona. Mwanzo ni kama panya anatafuna, baadaye ni kama mtu anabisha hodi. Utaratibu ni kwamba ukisikia, unaacha kugonga, unapanda juu, unamwambia msimamizi. Wasimamizi wa pande mbili wanashuka na kamba, wanapima kuanzia mdomo wa duara, wanasema wewe ishia hapa. Ukikaza tu mkatobozana, ugomvi wake ni wa mapanga. Sasa waulize watu wa maduara ya pembeni, watakuambia hawakusikia kitu. Si kweli. Mwamba unapeleka sauti mbali. Wamesikia wiki nzima. Hawataki tu kushuka na kamba.

MAMA: Kwa nini hawataki?

KIJANA: Kwa sababu mwenye kugonga ana watu wengi. Na kesho watahitaji pampu yake ya maji.

Hakuna aliyecheka. Ticha aliandika kitu kwenye daftari lake la mgao, nadhani maneno hayo ya pampu.

TICHA: Na hivyo ndivyo ilivyo duniani kote, si kwetu peke yetu. Iraki ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, kisha ikaitangaza kuwa yake, Umoja wa Nchi za Kiarabu ulikutana Cairo tarehe 10. Azimio la kupeleka majeshi kuzilinda nchi za Ghuba lilipita kwa kura 12 tu. Wengine wakapinga, wengine wakakaa kando. Urusi ilipoichukua Crimea mwaka 2014, ilikuwa na mkataba wa kujihami na baadhi ya majirani zake. Kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nchi 100 zilisema Crimea ni ya Ukraine. Katika wenzake wa mkataba ule, Belarus na Armenia zilipiga kura upande wa Urusi, Kazakhstan haikupiga upande wowote. Waliishi naye ua mmoja, wangesema nini? Na NATO, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, mkataba wake wa 1949 unasema ukimshambulia mmoja umewashambulia wote, lakini haukuweka kifungu cha kumfukuza mwanachama. Uturuki ilipoingia kaskazini mwa Cyprus mwaka 1974, Ugiriki ndiyo iliyotoa majeshi yake chini ya kamandi ya NATO kwa hasira, ikarudi mwaka 1980. Majeshi ya Uturuki bado yapo Cyprus.

MAMA: Ticha, unatuzungusha dunia nzima. Mikataba hiyo iliandikwa kumwogopa mtu wa nje.

TICHA: Ndiyo.

MAMA: Mwizi wa ndani hawakumwandikia.

TICHA: Kwetu ameandikiwa, mama. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 una kifungu cha 146 cha kumsimamisha mwanachama na cha 147 cha kumfukuza. Tena kifungu cha 148 kinasema kauli ya yule anayejadiliwa haihesabiwi. Mlango upo, na ufunguo umeachwa humo humo. Haujawahi kufunguliwa.

Sikutaka mzee atoke salama kabisa kwenye mjadala huu, kwa sababu nampenda na kwa sababu swali lenyewe ni zito. Nikamuuliza: katikati ya Novemba 1978 Amin alitangaza kwamba anaondoa majeshi yake. Tanzania haikuishia mtoni. Januari 1979 mlichukua Mutukula, Februari Masaka na Mbarara, Aprili mkaingia Kampala. Jeshi letu lilibaki Uganda hadi 1981. Azimio la Cairo lilihusu mipaka ya wote. Je, sisi hatukuvuka?

Alikaa kimya muda mrefu, akipangusa vumbi kwenye ukingo wa kofia yake.

MZEE: Tulivuka. Sitakudanganya. Mimi mwenyewe nilivuka, na nilipovuka nilijua nimeingia kwa watu. Lakini sikiliza. Amin alisema anatoka, na watu wake walikuwa bado wapo. Nani angekuja kuhakikisha? Umoja? Tungerudi nyumbani, angerudi. Kama Afrika ingesema siku ya kwanza, kwa jina, Uganda imevamia na itoke, huenda tungeishia mtoni. Sina hakika. Nakuambia tu tulichokuwa tunazungumza kwenye handaki. Tulisema: tuko peke yetu, basi tumalize wenyewe. Mtu aliyeachwa peke yake hamalizi kwa kiasi.

TICHA: Hamkuwa peke yenu kabisa.

MZEE: Samora wa Msumbiji alituletea batalioni. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Nchi yenyewe ilikuwa inapigwa na Rhodesia kila wiki, na bado akatoa watu. Na Gaddafi wa Libya akamletea Amin watu wake. Kwa hiyo palikuwa na marafiki wa huku na wa kule, umoja wenyewe uko katikati unatuomba tupoe.

MIMI: Na Jumuiya?

MZEE: Jumuiya ilikuwa imekufa mwaka mmoja kabla, 1977. Mpaka wetu na Kenya umefungwa. Ndugu watatu: mmoja kamwingilia mwenzake, wa tatu anasema mimi simo.

Mzee akakumbuka pia jambo ambalo watu wa Kanda ya Ziwa wa umri wake hulisimulia mara kwa mara. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kuipiga Mwanza, ikilenga matangi ya mafuta. Mabomu yakakosea, yakaangukia hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Kutoka Mwanza hadi Geita ni kuvuka maji tu. Vita iliyoanza kwa jirani mmoja kuutamani mto wa mwenzake ikawa imeleta ndege kutoka pwani ya Mediterania hadi ziwani kwetu, na bado ilikuwa inaitwa mgogoro wa mpaka.

Mwezi Julai mwaka huo, Monrovia, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi, Nimeiry na Obasanjo wa Nigeria walisimama kulalamika. Waliyemlalamikia alikuwa Nyerere, kwa kuingia Uganda. Rais mpya wa Uganda, Godfrey Binaisa, alimtetea. Nalisema hili kwa uchungu: kinywa kilichokosekana Novemba kilipatikana Julai, kikamgeukia aliyeumizwa. Sisemi kwamba Tanzania haikupaswa kuulizwa. Ilipaswa. Ila anayeuliza kwa nini umempiga mwizi hadi nyumbani kwake, awe alijitokeza mwano, ule ukunga wa kuita msaada, ulipopigwa.

Gharama tunazijua. Vita ilikula kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 500 za Marekani, Nyerere akaomba taifa lifunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ule, waliokuwa watu wazima wakati huo watakuambia, haukulegea kwa miaka mingi. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Hiyo nayo ni bei ya kikao kilichoshindwa kutamka neno.

KIJANA: Sasa hiyo ilikuwa ya Amin, aliyetangaza. Wa siku hizi hatangazi.

Hapo kijana alinizidi. Nilikuwa nimebeba Kagera kichwani kama kipimo cha kila kitu, na kipimo hicho kina kasoro yake: Amin alitamka mwenyewe. Goma iliingiwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na hakuna aliyetangaza kwamba Kivu ya Kaskazini imekuwa ya nchi nyingine. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika, ripoti baada ya ripoti, kwamba wanajeshi wa Rwanda wako pamoja na waasi hao. Rwanda imekana na kusema inajilinda dhidi ya FDLR, waasi wa Rwanda walioko Kongo. Waasi wameteua gavana wao na wanatoza kodi. Bendera haijabadilika. Ardhi inashikwa pasipo kutajwa kuwa imetwaliwa, na walio kwenye kikao wanapata nafasi ya kusema bado hawajui wameketi kujadili nini.

TICHA: Tarehe 8 Februari walikutana Dar es Salaam, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa pamoja. Haijawahi kutokea kabla. Kumbuka kwamba SADC ina mkataba wake wa kujihami, uliosainiwa hapo hapo Dar es Salaam mwezi Agosti 2003, unaosema shambulio dhidi ya mmoja ni tishio kwa amani ya kanda nzima. Na SADC ilikuwa na askari Kongo, wa Afrika Kusini, wa Malawi na wa kwetu. Walikufa pale. Watanzania wawili walikufa pale. Kikao kikaagiza mapigano yasitishwe, kikataka uwekwe utaratibu wa kuondoka kwa, nanukuu kwa maana yake, majeshi ya kigeni yasiyoalikwa.

MZEE: Ya nani?

TICHA: Hawakutaja.

MZEE: Yasiyoalikwa. Kama watu waliokuja kwenye harusi!

TICHA: Bukavu iliingiwa wiki iliyofuata. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio lililolitaja jeshi la Rwanda kwa jina na kulitaka liondoke. Watu wa mbali waliweza kutamka. Machi, SADC ikaamua kurudisha vikosi vyake nyumbani.

Naamini, na nilisema pale pale, kwamba kikao cha Dar es Salaam kilipaswa kutaja jina. Hasa Dar es Salaam. Nchi iliyowahi kuomba neno moja kutoka kwa majirani zake, ikanyimwa, haikupaswa kuwa mwenyeji wa tamko lenye tundu mahali pa jina. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Ndipo mama mwenye karasha akaweka chini bakuli lake.

MAMA: Umemaliza? Haya. Tutaje. Halafu?

MIMI: Halafu asimamishwe, kama mkataba unavyosema.

MAMA: Na Rusumo pafungwe?

MIMI: Ikibidi.

MAMA: Umewahi kukaa Isaka wewe? Pale kwenye bandari kavu, malori yanayosubiri mzigo wa Kigali na Bujumbura na Goma? Kila dereva analala kwenye gesti ya mtu, anakula kwa mama ntilie, anaosha gari kwa kijana kama huyu. Mchele wa Kahama unakwenda wapi? Unafikiri wanaula wote Shinyanga? Mkifunga, Kagame hatalala njaa. Atalala njaa mwanamke anayeuza mchele wa kupima kule Kigali, ambaye hajawahi kuiona Goma, na mimi huku. Mnakaa chini ya turubai mnasema afukuzwe, afukuzwe. Kufukuzwa ninakujua.

Hatukumjibu haraka. Ticha alijaribu kusema jambo kuhusu Moroko: kwamba ilipoingia Sahara Magharibi mwaka 1975, Afrika haikuwa na jeshi la kuitoa, lakini ilimpa aliyeporwa kiti kwenye mkutano, Moroko ikakasirika, ikatoka mwaka 1984, ikakaa nje miaka 33, ikarudi mwaka 2017 na Sahara bado mkononi mwake. Alitaka kusema kutengwa hakufanyi kazi, au kunafanya, sikuelewa vizuri, na nadhani hata yeye alikuwa bado anaamua. Mzee akamkatiza kwa upole.

MZEE: Mayu, unasema kufukuzwa unakujua.

MAMA: Wewe baba ulikuwa sungusungu?

MZEE: Nilikuwa. Niliporudi kutoka Uganda nilikuta wezi wa ng'ombe wana bunduki, nyingine zimetoka vitani huko huko. Mwaka 1982 hivi, huku Kahama, tukaanza. Mishale, filimbi, mwano ukipigwa kila mwanamume anatoka. Hatukuwa na gereza. Tulikuwa na faini, na mwenye kukaidi tulimtenga.

MAMA: Mlikuwa mnamtengaje?

MZEE: Haamkiwi. Hapewi moto. Hachoti kisima kimoja na wengine. Akifiwa anachimba mwenyewe. Anayesema naye analipa mbuzi.

MAMA: Si kijiji chako, lakini sungusungu walikuwa wale wale. Aliyetengwa alikuwa baba yangu.

Naandika sehemu hii polepole, kama alivyoisema.

Baba yake alipakana na mjane. Mpaka wao ulikuwa ugo wa minyaa, wa tangu enzi za babu. Msimu mmoja, mume wa mjane akiwa hana hata mwaka kaburini, baba aliamka usiku mara kadhaa. Mama huyu, wakati huo binti wa miaka minane au tisa, alikuwa akisikia mlango. Asubuhi alimpelekea baba maji ya kunawa na akaona mikono yake imenata, ina madoa meupe ya utomvu yaliyoganda na kuwa kama gundi, na akaambiwa asiiguse, asije akajipangusa macho. Utomvu wa minyaa unapofusha. Alijua, anasema, kabla kijiji hakijajua. Ugo ulikuwa unatembea, mche mmoja mmoja, kuingia kwa mjane.

Majirani nao walijua. Mwezi mzima walipita njia ile wakatazama chini. Baba yake alikuwa na plau na ng'ombe wa kulimia, na wote walikuwa wakiazima.

KIJANA: Pampu ya maji.

MAMA: Plau. Ndiyo. Kisha mjane akaenda mwenyewe kwenye mkutano wa sungusungu. Mwanamke, amesimama mbele ya wanaume wenye pinde. Hakusema ardhi yangu imepungua. Alimtaja baba kwa jina lake, akasema amehamisha minyaa. Baada ya pale hakuna aliyeweza kusema hakusikia. Baba akaitwa, akakataa kwenda. Tukatengwa.

MZEE: Muda gani?

MAMA: Kutoka kupanda hadi palizi ya pili. Mdogo wangu aliumwa homa, hakuna aliyekuja. Mama alikuwa anakwenda kuchota maji kisima cha mbali usiku. Shuleni watoto walihama dawati. Mimi sikuwa nimehamisha minyaa! Kwa hiyo mkisema mtenge nchi ya mtu, mimi namwona yule mtoto kwanza. Ninyi mnaona ramani.

MIMI: Basi unasema isifanyike?

MAMA: Sijasema hivyo. Unaniharakisha.

Akanywa maji. Kijana wa karasha ya jirani alikuja kuuliza kama umeme umerudi upande wetu, tukamwambia bado.

MAMA: Kama wangetuchekea tu, baba asingerudisha. Ninamjua. Alikuwa mtu mzuri kwetu na alikuwa na tamaa ya ardhi kama wengine wana tamaa ya pombe. Na kama wangekuja na mishale wakamchoma nyumba, kama mlivyokwenda Kampala, samahani baba, ningekuwa sina baba, na kaka zangu wangemlipizia mjane. Kilichomrudisha ni kwamba mama alimwambia usiku mmoja, mbele yetu: ulichukua hatua kumi za shamba, tumepoteza kijiji kizima. Alikwenda asubuhi. Na nikuambie kitu walichofanya vizuri. Kisima walitukatalia, lakini mjane mwenyewe, huyu aliyeibiwa, alikuwa anaacha mtungi wa maji nyuma ya ghala letu kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Wakubwa walijua. Hawakumtoza mbuzi.

MZEE: Hilo tulikuwa tunalifumbia macho. Mtoto hakuwemo kwenye kesi.

MAMA: Sasa ninyi mnaotaka Rusumo pafungwe, mseme mtungi utapita wapi. Semeni jina, sikatai. Semeni mapema, kabla plau haijawafunga midomo. Mnyimeni kiti, msimpigie makofi, msimpe uenyekiti kama mlivyompa Amin. Lakini lori la mchele liacheni lipite.

TICHA: Na kama bado atakataa?

MAMA: Baba alipokubali hakukubali yote. Hilo ndilo sijawahi kumaliza kulifikiria. Siku ya kurudisha mpaka walikuja wote, sungusungu, wanawake, sisi watoto. Baba aling'oa minyaa mmoja mmoja, anapanda pale pa zamani, jasho linamtoka. Akafika mwisho, akajipangusa mikono kwenye nyasi, akasema tayari. Watu wakaanza kugeuka waondoke. Kila mtu alikuwa amechoka na alitaka iishe. Mjane hakugeuka. Alikuwa amesimama na mguu wake juu ya kisiki cha mti ambao mumewe aliukata. Akasema, bado hatua moja.

KIJANA: Ikawaje?

MAMA: Baba akasema ni hapa hapa. Mjane akasema, bado hatua moja. Yule mtemi wa sungusungu akarudi, akaketi chini kwenye udongo uliolimwa, upinde mapajani. Wengine nao wakarudi wakaketi. Hakuna aliyesema neno. Jua lilikuwa linawaka kama sasa. Tukakaa pale mpaka baba alipoinama tena na kuuchukua mtaimbo.